Ukuta ukauke kwanza, urembo utafuata

SAFU YA JUMAMOSI
Na Kabwe Mulenga

Mwezi wa tisa ukifika Likasi, kila mwenye parsele anakimbizana na mvua. Kuanzia Kikula hadi Panda mafundi wako juu ya majukwaa, na swali ni lile lile: nje tuweke nini? Krepi ya simenti na rangi? Kareau, yaani vigae, za kubandika? Mawe? Au briki ziachwe wazi? Wengi wetu tunajibu kwa kutazama nyumba ya jirani aliyefanikiwa. Mimi nasema tuutazame ukuta wenyewe: umejengwa kwa kitu gani, na maji yakishaingia yatatokea wapi?

Briki zetu nyingi zinatoka kwenye vichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa ajabu, vingine vinapita mita tano kwenda juu, na udongo wake una mfinyanzi unaoshikana vizuri. Udongo huo huo hutoa briki mbichi, iliyokaushwa juani tu, na briki ya kuchoma, iliyopita kwenye tanuru. Zikishapakwa krepi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Mvua ndiyo inayozitofautisha.

Briki mbichi hunywa maji, ikavimba. Jua likiwaka hunywea. Krepi ya simenti ni ngumu, haifuati mwendo huo, kwa hiyo hupasuka. Maji huingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, na hata yale yanayopanda kutoka ardhini yanakosa njia ya kutokea, kwa sababu simenti imefunga mlango. Tembea mitaani mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, ugonge kuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti ya utupu, krepi imeshaachana na briki. Siku moja kipande cha upana wa sinia kitadondoka, na nyuma yake utakuta udongo laini unaochimbika kwa kijiko. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, fundi atalaumu mchanga, kisha watapaka simenti nyingine juu ya udongo ule ule uliolowa. Hiyo ni pesa ya watoto inayotupwa ukutani kila mwaka, na inaniuma kuiona.

Dawa iko hapa hapa kwetu. Kakontwe, jirani na mji, kuna mawe ya chokaa yanayojulikana kiasi kwamba wanajiolojia wameyapa matabaka yake jina la Kakontwe. Chokaa yake inatumika kwenye viwanda vya shaba na kobalti. Kwa nini isitumike kwenye kuta zetu? Plasta ya udongo na chokaa juu ya briki mbichi huruhusu unyevu kutoka, na ikichakaa hupakwa upya bila kubomoa kitu. Kwa briki ya kuchoma au bloku, changanya ndoo moja ya simenti, moja ya chokaa na sita za mchanga. Mchanganyiko huo hulegea kidogo pamoja na ukuta badala ya kupambana nao. Wazanzibari wanalijua jambo hili vizuri. Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pale ambapo simenti ilitumika kuziba nyufa, kuta zilibaki na unyevu zikazidi kuharibika.

Mwenye briki ya kuchoma iliyoiva asione haya kuiacha wazi. Gonganisha mbili: zikilia kama chuma, zimeiva. Lalisha moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi ikiwa nzima, iamini. Jaza viungio vizuri, basi kazi imeisha. Tazama nyumba za zamani za katikati ya mji, za enzi ambapo Likasi iliitwa Jadotville. Zinadumu kwa sababu briki zimeiva, paa limetoka nje ya ukuta, na barza pana inaikinga mvua isipige ukuta moja kwa moja. Najua tanuru linakula miti ya miombo, na msitu wetu umeshapungua vya kutosha kwa ajili ya makaa. Ndiyo maana nashauri asiye na uwezo achome briki za msingi na za mistari michache ya chini, pale matone yanaporukia, na juu aendelee na mbichi.

Kwa walio karibu na Shituru kuna jambo la ziada. Viwanda vya shaba hutumia asidi ya salfa, na mvuke wake ukifika mitaani hula chokaa, simenti na hata mabati. Huko briki iliyoiva huvumilia kuliko plasta yoyote.

Kareau sizikatai. Ziwekwe kwenye barza na chini ya ukuta uliokauka, zisiwekwe juu ya krepi inayolia utupu. Na wanaoanza kutamani mabamba ya kung'aa ya maghorofa ya mijini wakumbuke jengo la Grenfell jijini London. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kupitia mabamba yaliyobandikwa nje, ukaua watu 72. Kitu cha kuvisha nyumba kina kazi ya kuwalinda waliomo ndani. Kikishindwa hilo, uzuri wake hauna maana.

Mafundi wetu wana mikono mizuri. Tatizo ni kwamba sisi wenye nyumba tunalipia kinachoonekana, na hatutaki kulipia kinachozuia maji. Kwa hiyo, baba, mama, kabla ya kununua ndoo ya rangi mwezi huu, chukua mita upime paa lako limetoka kiasi gani nje ya ukuta. Likiwa chini ya nusu mita, peleka pesa ya rangi kwenye mbao na mabati. Kisha chimba mfereji wa kuondoa maji chini ya ukuta. Rangi utaipaka mwaka kesho, juu ya ukuta ambao bado umesimama.