Baridi ya Kericho Haipozi Mota

Leo naomba nitoe hasira kidogo juu ya uongo unaotembea huku kwetu, Kericho mpaka Bomet: eti baridi hii inatosha kupoza mota ya gari la rimoti, na ikishindikana, nunua feni.

Mimi niliuamini. Desemba mpwa wangu alikuja likizo na gari lake jipya, tukalipeleka kwenye kijia kati ya michai baada ya mvua. Asubuhi ilikuwa ya sweta. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, na kabla betri haijafika nusu tukasikia harufu ya vanishi inayoungua. Kijana akanitazama mimi, mjomba anayejua kompyuta. Aliyetuuzia akasema kosa letu ni kutofunga feni mbili. Feni mbili!

Hebu tuhesabu. Joto la waya wa shaba ndani ya mota hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 2, joto ni mara 4. Matope, nyasi na mlima ndivyo vinavyoilazimisha mota kuvuta mkondo mwingi, uwe umevaa sweta au fulana. Tena shaba ikipata moto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 4 kila nyuzi 10, basi moto unazaa moto. Na hewa ya huku, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Baridi inasaidia, sikatai, ila hewa nyembamba inatunyang'anya sehemu ya msaada huo.

Kwa mota ya pili, isiyo na brashi, nilianza na gia. Niling'oa ile ndogo ya meno 21 nikaweka ya meno 17. Mlima uleule sasa unaidai mota nguvu ya kuzungusha pungufu kwa asilimia 19. Mkondo unashuka kiasi hichohicho, na joto la waya linapungua kwa karibu theluthi moja. Kasi ya juu imepungua pia. Kwani nani anashindana na matatu katikati ya michai?

Feni sio haramu. Lakini feni kabla ya gia ni kama kuongeza memori huku programu yako inavuja. Na ukiifunga ndani ya bodi lisilo na tundu, unazungusha hewa moto ileile. Yeyote aliyeingia kiwanda cha chai ameona jinsi hewa inavyopitishwa katikati ya majani yanayonyaushwa: inaingia huku, inatokea kule.

Sumaku za kawaida za neodimiamu zikikaribia nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu, na hazirudi zilivyokuwa. Ndani ni moto kuliko ganda, kwa hiyo kipimajoto kikisoma 70 kwenye ganda, tunapumzika.

Juzi mpwa wangu kaniuliza kama meno 16 yatafaa kilima cha nyuma ya kwao Bomet. Nimemwambia ajaribu, aanze na dakika 5, kisha apime.