Foleni zetu: tatizo si uchache wa makarani pekee

Wakazi wa Pwani wamezoea kuambiwa wasubiri. Hospitalini husubiri kadi, kisha daktari, kisha maabara, kisha dawa. Katika ofisi za kaunti husubiri leseni na stakabadhi. Malalamiko yakizidi, jibu la wakubwa huwa lile lile: hatuna wafanyakazi wa kutosha. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Foleni ina hesabu zake. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio. Hesabu za namna hiyo zinafaa pia kwa watu waliosimama dirishani.

Tuchukue mfano. Ofisi ina madirisha manne, kila moja na mstari wake. Karani anaweza kuhudumia watu 10 kwa saa, na kwa wastani wanamjia 8. Kwa kuwa watu huja kwa mafungu na shida zao hazilingani, kila mmoja atasubiri wastani wa dakika 24. Wakifika 9 kwa saa, kungoja kunaruka hadi dakika 54. Mtu mmoja tu ameongezeka! Ndiyo maana feri moja ikiharibika Likoni saa za msongamano, foleni haiongezeki kidogo, bali hufurika.

Sasa rudi kwa wale 8, uwaweke wote katika mstari mmoja, na anayefika mbele aende kwa karani yeyote aliye huru. Makarani ni wale wale wanne na kasi ni ile ile, lakini kungoja kunashuka hadi takriban dakika nne na nusu. Siri ni kwamba hakuna tena karani anayekaa bure huku mstari wa jirani yake umejaa. Pia anayetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa, na mwenye kujuana na karani hana tena mlango wa nyuma.

Hata hivyo, kuunganisha kuna mipaka yake. Karani lazima awe amefunzwa kazi zote za dirisha, la sivyo mstari mmoja utakwama kwa mtu mmoja. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa mahututi hawafai kungoja zamu sawa na mwenye kufuata stakabadhi. Na kuunganisha madirisha katika chumba kimoja si sawa na kuhamishia huduma zote mji mmoja. Mkazi wa Faza au Kiunga akilazimishwa kwenda hadi kisiwa cha Lamu kwa karatasi moja, foleni haijapungua. Imehamishiwa baharini, na nauli ya boti anailipa yeye.

Kwa hivyo, kabla ya kaunti zetu kuomba bajeti ya majengo mapya, wananchi wana haki ya kuuliza: watu hufika saa ngapi kwa wingi? Makarani wangapi huwa dirishani saa hizo? Kwa nini mistari bado ni minne? Mstari mmoja hauhitaji mfadhili, wahitaji kamba, namba na msimamizi mwenye nia.

Subira yavuta heri, ni kweli. Lakini mgonjwa anayekosa zamu leo akaambiwa arudi kesho, amepoteza kibarua cha siku mbili.