Ng'ombe Alaye Vizuri Akazidi Kukonda

Yuko ng'ombe amfadhaishaye mwenyewe kuliko wagonjwa wote zizini. Hana homa, macho yake ni maangavu, wala hakatai majani. Lakini mbavu zahesabika, maziwa yapungua, na mavi yake ni ya maji mwezi hata mwezi. Hupewa dawa ya minyoo asipate nafuu. Ndipo maneno ya kijicho cha majirani yaanzapo, na kumbe jirani hana kosa.

Mwaka 1895, mjini Dresden, Ujerumani, Profesa Johne na Bwana Frothingham wa Marekani walichunguza utumbo wa ng'ombe wa namna hiyo. Waliukuta umekuwa mnene, na ndani yake mna vijidudu vinavyofanana na vile vya kifua kikuu. Utumbo wa hali hiyo hauwezi kufyonza chakula, basi mnyama hushiba na huku anakufa njaa. Maradhi hayo yaitwa kwa jina la Johne mpaka leo, na hayana dawa ya kuyaponya.

Wafugaji wengi hudhani kwamba kijidudu kikiwapo, maabara itakiona mara moja. Sivyo. Njia ya zamani ni kupaka mavi kidogo juu ya kioo, kuyatia rangi nyekundu kwa moto, kisha kuyaosha kwa asidi na spiriti. Vijidudu vya kawaida hupoteza ile rangi. Hivi huishika, kwa kuwa vimevikwa nta, navyo huonekana katika hadubini vimejikusanya vishada vishada. Lakini mnyama anayetoa vichache huweza kupita bila kuonekana.

Njia ya pili ni kuvipanda katika chupa. Kwa miaka mingi vilikataa kuota, hata Twort na Ingram wa London walipogundua, kufika mwaka 1912, kwamba vyahitaji kitu kitokacho katika vijidudu vya jamaa zake. Hata hivyo huota polepole mno: majuma 8 mpaka 16, au zaidi. Siku hizi kuna upimaji wa vinasaba, ambao hutoa jibu kwa siku chache, na upimaji wa damu au maziwa, ambao hutafuta kinga aliyoitengeneza mnyama dhidi ya vijidudu. Ila kinga hiyo huchelewa kutokea. Mtamba aliyeambukizwa huweza kupimwa damu leo akaonekana safi, na baada ya miaka miwili akaonekana mgonjwa, ingawa ugonjwa alikuwa nao tangu utoto. Kwa hiyo cheti kimoja cha usafi hakitoshi. Kundi lote hupimwa, na hurudiwa kupimwa.

Hasara ya kuamini macho iliwapata watu wa Iceland. Mwaka 1933 walileta kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani. Walionekana wazima, hata wakawekwa peke yao kwa muda kabla ya kugawanywa mashambani. Lakini walichukua maradhi haya pamoja na mengine, yakaenea katika makundi ya kondoo wa nchi. Chanjo ya lazima ilianza mwaka 1966.

Ndama ndiye aambukizwaye kwa urahisi, kwa mavi yaliyoganda katika chuchu au kwa maziwa ya mama mgonjwa, na dalili hutokea baada ya miaka 2 au zaidi. Basi anunuaye mtamba na aulize habari za mama yake na za zizi alikotoka, kabla ya kuulizia bei.

Mavi ya kupimwa yachukuliwe mabichi kutoka kwa mnyama mwenyewe, si chini, yatiwe katika chombo safi chenye kifuniko, pamoja na umri wa mnyama, na kupelekwa upesi kwa daktari wa mifugo. Wakati wa kungojea jibu, ndama waondolewe karibu na mnyama huyo, wala mavi yake yasitandazwe katika malisho yao, kwani vijidudu huweza kuishi humo karibu mwaka mzima.