Jina la mwenye muziki

Ndugu zangu, kila Ramadhani majumbani mwetu hutazamwa filamu ya Ar-Risala ya 1976, na wajukuu wameuhifadhi muziki wake. Waulize nani mtungaji: kimya. Ni Maurice Jarre, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1924, aliyekwisha kutunukiwa Oscar kwa Lawrence of Arabia. Katika filamu hiyo Mtume (S.A.W.) haonekani wala hasikiki, basi mzigo mkubwa ulibebwa na muziki. Ilipigwa mara mbili, kwa Kiarabu na Kiingereza, waigizaji wakabadilishwa, Jarre akabaki. Naona ni dhulma kumsahau. Nami sina la kujitetea: kanda za udi za marehemu baba ninazo, na sikuandika juu yake jina la mtunzi hata mmoja.