Leseni za programu zisitegemee benki wala intaneti ya Goma

Muuguzi wa Karuba, kwenye vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kujua leseni ya programu ni kitu gani. Yeye anajaza daftari lake, na mwisho wa mwezi ripoti ya karatasi inapelekwa ofisi ya zoni ya afya, ambako hesabu za malaria, chanjo na wajawazito zinaingizwa kwenye DHIS2. Programu hiyo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ni huria na haidai leseni. Zinazodai ni zile zinazoizunguka: mfumo endeshi wa kompyuta, kinga ya virusi, programu ya uhasibu.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, mji mkuu wa mkoa huo. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Leseni iliyokwisha muda wiki ile ingelipiwa kwa njia gani?

Wapo wanaodhani kwamba taasisi ikiwa na seva zake yenyewe, yaani wingu binafsi, imeshasalimika. Data iko nyumbani, ni kweli, lakini ruhusa ya kuitumia programu huenda bado iko ng'ambo. Mwaka 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, ambayo programu zake zinagawa seva moja ya chuma kuwa seva pepe nyingi. Desemba ya mwaka huohuo ikaacha kuuza leseni za kudumu, ikabaki na za kulipia kila kipindi. Goma haikuulizwa, wala Kinshasa.

Ufumbuzi wa kiufundi upo, ila una masharti yake. Kwa huduma ya KMS ya Microsoft, kompyuta za ofisi huamilishwa na seva ya ndani bila kwenda intaneti. Kila siku 7 hujaribu kujisajili upya, na zisipoipata seva huendelea hadi siku 180. Hata hivyo, huduma hiyo haiamilishi Windows za kawaida mpaka mashine zifike 25. Ofisi ya zoni yenye kompyuta 12 inabaki nje.

Njia ya mkato ni kununua programu iliyovunjwa kufuli. Ni rahisi, na mara nyingi huja na virusi ndani, jambo lisilovumilika penye majina ya wagonjwa.

Kwa hiyo hospitali na mashirika ya Masisi na Walikale yaanze na daftari la leseni: ufunguo upi, wa seva ipi, unakwisha lini, nani wawili wanaoujua. Mikataba itaje uamilishaji usiohitaji intaneti. Palipo na programu huria inayotosha, itumike, na fedha zilizookolewa zifundishe mafundi wa hapahapa, kwa kuwa huria haimaanishi bila gharama.

Wafadhili nao walipe leseni kupita mwisho wa mradi. Anayekabidhi seva yenye leseni ya mwaka mmoja hajamaliza kazi.