Picha ya vita ukutani iandikwe maelezo

Kazi yangu ni kutengeneza fremu za picha hapa Tunduma, na miaka ya karibuni wateja wamebadilika. Zamani waliniletea harusi, mahafali na picha ya Mwalimu Nyerere. Siku hizi kijana anatafuta picha za vita kwenye intaneti, anazichapisha steshenari kwa karatasi kubwa, kisha anakuja nazo zimeviringishwa kwapani: "Fundi, niwekee fremu nyeusi, zinakaa sebuleni." Nyingi ni za Vita Kuu ya Kwanza, enzi za Mjerumani. Baadhi zilipigwa na Walther Dobbertin, mpigapicha wa Kijerumani aliyekuwa akiishi nchini wakati ule.

Sina tatizo na hilo, tena nalifurahia. Vita vile vilipita hapa kwetu. Kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo tu ya mpaka upande wa Zambia ya leo, kilishambuliwa na Wajerumani Desemba 1914. Mwanzoni mwa Novemba 1918 kilishambuliwa tena, pale kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kilipotoka upande wa Njombe, kikapita Mbozi na kuvuka mpaka. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 mwezi huo. Yeye alisalimisha silaha tarehe 25, huko Abercorn ambako sasa tunakuita Mbala. Kwa hiyo mtu wa Tunduma akitundika picha hizi, anatundika habari za nyumbani.

Ninachokipinga ni picha bubu.

Ipo moja niliyoifunga juzi kwa ajili ya ukumbi wa gesti. Wapagazi wamepangana njiani, mizigo kichwani, kila mzigo umefungwa kwa mkeka na kamba. Miguu mitupu. Aliye karibu na kamera ameinua mkono kushika mzigo usiyumbe, na jicho lake limegeukia kwetu bila kichwa kugeuka, maana kichwa hakina ruhusa. Nyuma yao yuko mzungu mmoja, ametoka na ukungu. Mama mwenye gesti alitaka nikate ukingo wa chini wa karatasi, ule wenye maandishi machache, ili picha iingie vizuri kwenye fremu aliyoipenda. Nikamwambia, "Mama, hapana. Tukikata hapo, hawa watu wanabaki urembo." Tulibishana kidogo, mwishowe akakubali nimtengenezee fremu kubwa zaidi.

Wapagazi ndio walioubeba mzigo wa vita vile, na ndio waliosahauliwa. Ndorobo waliua farasi, ng'ombe na punda, barabara za magari zilikuwa chache, basi chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vikapanda vichwani mwa watu. Mtu alibeba kilo 25 hivi, wiki hadi wiki, kwa posho ndogo, huku kuhara damu na homa ya mapafu vikimwandama. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakaribia 100,000. Huko Ugogo pande zote mbili zilichukua nafaka, mifugo na vijana, na njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya hadi leo. Nenda Dar es Salaam ukaitazame Sanamu ya Askari iliyosimikwa 1927: aliyesimama pale juu ameshika bunduki, si mzigo.

Ndiyo maana mteja akiniletea afisa wa Kijerumani peke yake, namuuliza kama hana ya wapagazi wa kuweka pembeni yake. Wapo wanaoniona msumbufu, na wapo wanaorudi nayo. Picha za watu waliofungwa minyororo shingoni, kama zile za enzi ya Majimaji, nashauri zisikae juu ya meza ya chakula. Mahali pake ni shuleni, maktaba na makumbusho, penye mtu wa kumweleza mtoto anachokiona. Kuvitazama vifungo vya babu wa mtu huku unakula wali si jambo la heshima.

Tena si lazima kwenda mbali kutafuta. Ndani ya masanduku ya nyumba za Vwawa, Mlowo, Kamsamba na Itumba zimo picha za studio za wanaume wenye sare: waliokwenda Burma kwenye Vita Kuu ya Pili na jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliovuka Kagera na JWTZ hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Zinaliwa na mchwa wakati sebuleni pametundikwa Mjerumani asiyewahusu.

Ukiwa na picha kama hiyo ya familia, ipeleke kwa fundi yeyote unayemwamini. Mwambie asiibandike kwa gundi, na asiache kioo kiguse picha, maana unyevu ukiingia inanata na haibanduki tena. Usiitundike panapopigwa na jua. Kabla hajafunga mgongo wa fremu, chukua penseli uandike juu ya ubao: jina kamili, kijiji, kikosi, mwaka, na nani aliyekupa habari hizo. Kama hujui, kamuulize bibi au mjomba wiki hii, kabla ya Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai kufika. Wanaowatambua waliomo kwenye picha hizo ni wazee, na wanapungua.