Mtoto Asiyeona Usiku

Umeme ukikatika jioni hapa Lubumbashi, watoto wote wanapapasa kidogo, kisha macho yanazoea giza. Kuna mtoto ambaye macho yake hayazoei: anagonga viti, anaogopa kutoka uani. Majirani wanasema ni ulozi, ao ni kosa la mama. Tusikubali.

Tumpeleke kwa munganga wa macho. Pengine anakosa vitamini A, na hiyo ina dawa. Pengine ni ugonjwa wa kurithi wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Siku hizi maabara kubwa zinasoma jeni katika damu ao mate na kutafuta ile yenye kasoro, kati ya zaidi ya 200 zinazojulikana. Mara nyingi kasoro inatoka kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe wanaona vizuri. Hapo kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kwa 4 kuugua. Kwa jeni moja, RPE65, Marekani ilikubali tiba mwaka 2017.

Basi baba naye aende kwa munganga. Na mwalimu aambiwe, mtoto akae mbele, penye mwanga.